Mguu Uliotaka Kutembezwa

Niliondoka Alhamisi mchana kwenda nyumbani Mbololo kula Pasaka. Niliporudi Jumanne asubuhi nilimkuta farasi jike, yule wa kahawia, amesimama bandani na mguu wa nyuma wa kushoto umekuwa kama shina la mpapai. Kuanzia kwenye kwato hadi karibu na paja, unene mmoja, kifundo hakionekani. Ukigusa, moto. Ukibonyeza na kidole, shimo linabaki pale kama umebonyeza unga wa chapati. Alikuwa anatetemeka na shingo imelowa jasho, na jua lilikuwa bado halijapata nguvu.

Nitasema nani alifanya vile, maana siku zile hakuna aliyeniuliza.

Wa kwanza ni msimamizi. Kambi yetu iko nje ya Voi, upande wa vilima vya Sagalla, na kazi ya farasi wale ni kubeba wageni kwenda kuangalia wanyama. Wamezoea kutembea kila siku ya Mungu. Sasa msimamizi alitaka watu wachache wabaki kazini sikukuu, akaamuru farasi wafungiwe ndani siku nne, na chakula kiwe kile kile cha siku za kazi, mahindi yaliyosagwa na pumba, karai likiisha linajazwa. "Na wao wale Pasaka," alisema. Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Wa pili ni mimi. Ile Alhamisi niliona mkwaruzo wa mwiba juu kidogo ya kwato. Kitu kidogo, hata damu ilikuwa imekauka. Nikasema nikirudi nitauosha. Gari la Mbololo lilikuwa linapiga honi.

Daktari wa mifugo alikuja kutoka Voi siku hiyo hiyo kwa pikipiki. Alikuwa msichana, na nilimdharau mpaka aliposhika ule mguu. Aliushika kama mtu anayemsikiliza mtu.

"Baba, chini ya ngozi kuna vijia vya maji ya mwili, yanaitwa limfu," aliniambia. "Uchafu umeingia kwa huu mkwaruzo, vijia vimevimba vikaziba. Sasa akisimama tu, hayo maji hayana wa kuyasukuma. Kutembea ndiko kunakosukuma."

Akamdunga sindano za homa na maumivu, akaniachia nyingine. Homa ikishuka nimtembeze mara tatu kwa siku, polepole. Kabla ya kutembea, maji baridi mguuni nusu saa. Na nafaka hata punje asipewe, maana kwa farasi asiyefanya kazi inazidisha uvimbe; nyasi kavu tu mpaka mguu urudi.

Jioni mwenye kambi alipiga simu kutoka Nairobi. Msimamizi akaweka sauti ya juu tusikie wote. "Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo," alisema. "Kama hatembei, nitamaliza mwenyewe. Sitaki mnyama ateseke." Alikuwa na bunduki, na si mtu wa kusema ovyo. Kwa hiyo nilikuwa na siku kumi na moja.

Maji baridi nusu saa, mara tatu. Aliyesema hivyo alisomea mahali penye mifereji. Sisi tulikuwa na tangi moja linalojazwa na lori likikumbuka, na kina mama wa kijiji cha jirani walikuwa na ruhusa ya kuchota hapo. Nilimsimamisha farasi mguu mmoja ndani ya karai kubwa, nikamimina kwa jagi kuanzia juu, maji yakashuka karaini, nikayachota tena. Yalikuwa yanashuka yamepata joto. Kina mama wakapanga madumu yao wakaniangalia.

"Baba, hata mimi mguu unaniuma," mmoja akasema. "Nisogee?"

"Wewe huna mkia," mwingine akamjibu. "Huyu haogeshi wasio na mkia."

Niliwaambia maji ni yale yale, yanazunguka tu, nikimaliza namwagilia sukuma wiki za jikoni. Hakuna aliyesikia. Jina langu kijijini likawa Mwosha Farasi, na bado ni hilo.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni huruma. Homa iliposhuka nikaanza kumtoa, mimi mbele na kamba, yeye nyuma anaburuta. Hatua tatu anasimama. Navuta. Kambi nzima ikatoka kutazama. Mpishi wetu, mama mmoja wa kanisani kabisa, akaweka mikono kichwani.

"Jamani, mwache! Mgonjwa anakokotwa hivyo? Wewe ungetaka kukokotwa?"

Ningetaka. Hilo ndilo hawakulijua. Miaka ya nyuma nilivunjwa mguu na nyati nikichunga ng'ombe wa ranchi moja, na si kila aliyerushwa na nyati anakaa kuandika habari zake. Hospitali walinifunga vizuri, wakanitoa, wakasema nifanye mazoezi. Nyumbani dada zangu na mjomba wangu wakanilaza. Pumzika. Kunywa uji. Nikishika gongo mtu ananinyang'anya kwa upendo. Nilipendwa miezi mitatu, na nilipoinuka goti lilikuwa limekataa kukunjika. Nyati alinivunja mfupa tu, na mfupa uliunga. Goti niliharibiwa na ndugu zangu. Nawataja hapa kwa sababu nyati pekee ndiye anayelaumiwa.

Basi nikavuta kamba. Jioni mguu unapungua, naona kabisa. Asubuhi naukuta umejaa tena. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilianza kumtukana daktari moyoni, nikajitukana na mimi.

Jumatatu nilifika bandani mapema kuliko kawaida. Mpishi alikuwa ndani na sufuria. Githeri, mahindi na maharage ya jana. Farasi ameingiza mdomo wote.

"Mama, unafanya nini?"

"Nampa mgonjwa chakula. Kwani wewe unampa nini? Majani makavu kama godoro."

"Tangu lini?"

"Tangu huyo mtoto wako wa sindano alipomnyima. Hata wa jela wanapewa ugali."

"Unamuua, mama!"

"Mimi? Mimi ninayemwombea hapa kila asubuhi?"

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Alilia ndani ya leso na sikumwomba msamaha. Nikanunua kufuli, nikaufunga mlango, ufunguo nikauvaa shingoni. Kwa hiyo kila mtu akakubaliana kwamba mimi ni katili.

Kufika Ijumaa kifundo kilikuwa kimeonekana.

Jumamosi mwenye kambi alifika. Bunduki ilibaki kwenye gari, lakini mlango wa gari aliuacha wazi. Nikamtembeza farasi mbele yake, yeye anachechemea nyuma na mimi nachechemea mbele.

"Sasa hapa nani mgonjwa?" akauliza, na wakacheka wote. Akaubonyeza mguu. Akaenda akafunga mlango wa gari. "Mmefanyaje?"

"Tulimpumzisha, mzee," msimamizi akasema. "Hatukumharakisha."

"Vizuri. Basi apumzike mwezi mzima, asitoke hapo. Na mumrudishie chakula, amekonda."

"Mzee, daktari alisema—"

"Na wewe umechoka, kapumzike," akaniambia kwa wema kabisa, akanigusa bega. Msimamizi akanyoosha mkono nimpe ufunguo. Nikampa mmoja. Kufuli mpya huja na mbili.

Jumapili walipokwenda kanisani nikafungua. Usiku mmoja tu wa kusimama na mahindi, na mguu ulikuwa umeanza kujaa. Nikamtoa uwanjani, tukaanza kuzunguka. Mpishi alitutokea mbele, Biblia kwapani, amerudi mapema kuwasha jiko. Tulikuwa hatujasemezana tangu siku ya githeri.

"Kampigie simu msimamizi," nikamwambia.

Hakupiga. Alisogea, akainama, akaubonyeza mguu kwa kidole kama alivyoona wengine wakifanya. Shimo likabaki. Akalitazama mpaka likajaa.

"Ni mara ngapi mnazunguka?"

"Ishirini."

Akasimama pale kwenye jua akahesabu, bado amenuna.