Jiwe Lililomtetea Babu

Nilisafiri kwa sababu mama alitaka kuzikwa kwao. Hospitali ilikuwa imeshatuambia tumrudishe nyumbani, hapa Buhongwa, na yeye akaomba jambo hilo moja tu. Lakini kijijini kwao, mbele ya Biharamulo, ukoo wetu hauzikwi. Babu yake alikuwa mganga wa mvua. Ukame ulipozidi, wakasema ameifunga mvua, wakamwingiza pangoni na kuziba mlango kwa mawe. Msimu uliofuata mvua ikanyesha. Tangu hapo damu yetu ikahesabiwa kuwa inakausha ardhi.

Alfajiri nilipanda gari la Daktari Kemilembe, mtafiti aliyekata kipande cha jiwe katika pango hilohilo mwaka jana. Alikuwa anarudi kuwaeleza wanakijiji jiwe lilichomwonyesha kuhusu ukame ule, akakubali kunibeba. Tulivuka ziwa pale Kigongo, tukapita Sengerema na Geita bila kuzungumza sana. Nilikuwa na hasira, na hasira haina mazungumzo.

Mchana tulipokewa na Mzee Bonifasi, mkubwa wa ukoo ulioziba pango.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Wewe ndiye kitukuu cha yule?”

Jina hakulitaja. Alitutangulia kupita kwenye mashamba makavu hadi pangoni. Mawe ya kuzibia yalikuwa bado yamelala kando ya mlango, na ndani kulinuka popo. Daktari alimulika jiwe jeupe lililoota kutoka chini, tone juu ya tone, kila msimu wa mvua ukiacha utando wake.

“Tando za miaka ile ni nyembamba, tena zina salfa,” alisema. “Mlima wa moto ulilipuka mbali sana, ng'ambo ya bahari. Ukungu wake ukatanda angani, ukapunguza jua, bahari zikapoa, mvua ikapungua huku.”

“Na ilirudi kwa nini?”

“Ukungu uliisha wenyewe, mzee.”

“Hata tusingemfungia?”

“Hata msingemfungia. Mngesubiri msimu mmoja tu.”

Mzee Bonifasi alivua kofia. “Basi tulimuua bure,” alisema, na machozi yakamtoka.

Nikaona hapo ndipo pa kuombea kaburi la mama. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Mwanangu, mimi nimeelewa. Lakini mwaka huu mvua imechelewa, na watu wana njaa. Nikiruhusu kaburi hilo sasa, wataniweka mimi humu.”

Daktari alianza kumweleza upya. Nikamgusa mkono anyamaze, maana mzee alikuwa ameelewa vizuri kabisa.

Kesho yake, njiani kurudi, nililia kuanzia Geita. Nilikwenda nikidhani ukweli ukishajulikana, haki itafuata. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kuuelewa ukweli, akaulilia, na bado akashindwa kuufuata.

Buhongwa nilimkuta mama yu macho, ananisubiri.

“Jiwe limesemaje?”

“Babu hakuifunga mvua.”

Alifumba macho, akatabasamu kidogo. “Na kaburi?”

“Wamekataa, mama.”

“Basi nizikeni hapahapa. Ila mvua ikinyesha nikishakufa, msiwapelekee habari ya msiba. Watasema ni mimi niliyekuwa nimeifunga.”

Tulimzika Jumamosi. Mvua ilinyesha tungali matangani, kubwa, mpaka kijijini kwao. Habari hatukupeleka.