Pikipiki ya Theluji Uani Kwetu Alexandra

Sufuria yangu kubwa mume wangu aliikata huku akipiga mluzi. Nilitoka kumwogesha mtoto nikamkuta uani, grainda mkononi, unga wa alumini umemjaa kwenye ndevu, na ile sufuria niliyokuwa napikia kanisa zima imelala pembeni haina tako.

"Papa, hiyo ni nini?"

"Alumini, Mama. Nyepesi sana. Shika uone."

Nishike nini? Nilikuwa nimeishika miaka yote, nimetoka nayo Bukavu. Kwetu mafundi wanayeyusha injini zilizokufa, wanatengeneza sufuria. Huyu wangu ndiye fundi wa kwanza kuirudisha sufuria kwenye injini. Kifuniko cha klachi kilikuwa cha chuma kizito, akataka chepesi, akaangaza macho, akaona jiko langu.

Na klachi yenyewe ya nini? Ya pikipiki ya theluji. Ndiyo, theluji. Tunakaa Alexandra, Johannesburg, na huku kitu cheupe kinachoanguka kutoka juu ni mvua ya mawe tu, tena ikianguka watu wanakimbilia kufunika magari.

Ile mashine ililetwa na mzee mmoja mzungu mwenye hoteli ndogo milimani, kule mpakani mwa Lesotho, lakini upande wa huku huku Afrika Kusini, maana karatasi zetu sisi haziruhusu kuvuka mpaka. Siku moja pikapu yake ilizimika karibu na robot, yaani taa za barabarani, mume wangu akaiamsha palepale kwa waya na matusi. Mzee akampenda. Akasema hotelini kwake ana mashine kadhaa za kwenda juu ya theluji, zote zimezeeka, zote nzito. Akaleta moja kwanza. Ipunguzwe uzito, ipewe nguvu. Ikipanda mteremko wake mpaka kwenye bendera ya juu, mashine zote zilizobaki zitakuja kwetu, na kila mwaka zitarudi. Isipopanda, asante, kwaheri.

Kwa mzee hilo lilikuwa jambo la mashine. Kwangu lilikuwa jambo la mume. Alikuwa askari wa usiku kwenye jengo moja la Sandton, lile lenye vioo mpaka juu. Alitoka nyumbani mimi nawasha jiko, akarudi mimi nafua. Mtoto wetu alimjua kama mtu wa kulala. Alikuwa akipita kitandani anaweka kidole mdomoni, "Shh, Papa," hata kama Papa hayupo. Sikuzaa mtoto ili aogope kuamsha blanketi. Kwa hiyo pamoja na hasira ya sufuria, niliitaka ile mashine ipande kuliko mwenyewe.

Tukaanza kuivua nguo. Nasema tukaanza kwa sababu kiti nilikitengeneza mimi. Mimi ni fundi cherehani, na kile kiti kilinitia kichefuchefu. Sponji lake lilikuwa limekunywa maji ya theluji miaka na miaka, zito kama godoro la mtoto anayekojoa. Nililikata, nikaweka sponji kavu jembamba, nikashona juu turubai imara. Mume wangu akatoa betri na starta, akaweka kamba ya kuvuta kwa mkono. Akatoa vioo, akatoa taa moja, akatoboa matundu kwenye kila chuma kilichokubali kutobolewa. Mdogo wake, shemeji yangu, alikuja kutazama, akazunguka mara mbili.

"Yaya," akamwambia, maana kwetu ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "hii mashine au chujio?"

"Uzito, mdogo wangu. Tunatoa uzito."

"Umetoboa vyuma vyote," nikasema mimi, "hilo tumbo lako utalitoboa lini?"

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Mume wangu akasema tumbo ni la heshima.

Kuipima tulienda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, maana ndiye mwenye mizani kubwa mtaani. Tuliisukuma juu ya mkokoteni, watoto nyuma yetu wanaimba. Jirani akatoka mlangoni akauliza, "Sista, hiyo ni boti?" Nikamwambia ndiyo, tunaenda baharini. Mwenye mizani akaitazama, akaniuliza tunaiuza nzima au tutaikatakata. Nilitamani kumjibu. Lakini mshale ulikuwa umeshuka sana kuliko siku mashine ilipofika, tulipoipima mara ya kwanza, na mume wangu akanikumbatia mbele za watu, nikamsamehe mwenye mizani.

Nguvu ndiyo ilikuwa ngumu. Johannesburg yenyewe iko juu, kule mlimani ni juu zaidi, na hewa ya juu ni nyembamba. Kabureta ikimwaga petroli ileile ya chini, injini inakohoa na kutapika moshi. Mume wangu aliijua hiyo shida toka kwetu, pikipiki zetu zinapanda milima kila siku. Akaweka kijitundu kidogo zaidi kwenye kabureta, akapunguza vyuma vidogo vya ndani ya klachi. Ila kuijaribu hatukuweza. Mashine ile inatembea juu ya mkanda wa mpira wenye meno, na theluji ndiyo inayoupoza. Shemeji alilazimisha kuikimbiza kwenye nyasi za uwanja wa mpira. Dakika chache tu tukasikia harufu ya plastiki inayoungua, mume wangu akakimbia anapiga kelele, "Zima! Zima, wewe mjinga!" Wiki nzima ikaenda tunatafuta plastiki nyingine ya kuchonga reli za chini ya mkanda, zile zilizoyeyuka.

Sasa sikilizeni kitu ambacho mtu wa kwetu tu ndiye angekifanya. Siku ya kuondoka, mashine iko juu ya pikapu ya shemeji, mimi namfunga mtoto mgongoni, naona nyuma ya kiti kuna kitu kipya. Potibagaji. Chuma cha kubebea mizigo, nondo nene, imechomelewa vizuri, imefungwa kwa bolti nne, imepakwa rangi nyekundu.

"Papa, hii imetoka wapi?"

"Niliiongeza jana. Pikipiki bila potibagaji? Watu watatuona namna gani?"

"Watu gani? Si tulikuwa tunatoa uzito?"

"Mama, hiyo siyo uzito. Hiyo ni potibagaji."

Kwetu pikipiki inabeba magunia, mbuzi, kitanda na mwenye kitanda. Mkongo ukimpa pikipiki isiyo na mahali pa mzigo anaona umemwibia. Nilibishana naye mpaka tukatoka mjini, halafu mtoto akalala, nikanyamaza ili asiamke.

Mlimani baridi ilinipiga makofi. Theluji ilikuwa nyingi, laini, na bendera ya mzee iko juu kabisa, ndogo kama leso. Mzee alisimama na mikono mfukoni. Mume wangu akavuta kamba, injini ikalia safi, haikohoi hata kidogo. Nikasema moyoni, leo tunapona. Halafu nikamwona anafanya nini? Anafunga jerikeni la petroli kwenye ile potibagaji. Juu yake sanduku la spana. Kwa mpira wa tyubu.

"Unapeleka wapi hivyo vitu?" nikauliza.

"Kama nikikwama juu?"

"Utakwama kwa sababu yake!"

Akaondoka. Alipanda vizuri mpaka katikati, halafu pua ya mashine ikainuka, nyuma ikazama, mkanda ukaanza kuchimba shimo kama mbwa anayezika mfupa. Ikasimama. Akarudi nayo chini kinyumenyume, uso umekuwa mdogo. Mzee akatazama mawingu upande wa pili, akasema kwa upole ukungu unakuja, labda mara moja tena, halafu tukanywe chai.

Nilijua hiyo chai. Ni chai ya kwaheri.

Nikamkabidhi mtoto shemeji. Nikachukua spana kwenye sanduku, nikapiga magoti kwenye theluji kwa kitenge changu.

"Mama, unafanya nini? Unaniaibisha mbele ya mzungu."

"Aibu utaikuta Sandton kwenye geti, umevaa kofia. Shika hapa."

"Mama..."

"Shika bolti, nimesema!"

Akashika. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, bolti ya mwisho ilikataa, nikaipiga na nyundo, nikaitukana kwa Kishi, lugha ya kwetu, ikatoka. Potibagaji nikaitupa kule, na jerikeni, na sanduku. Mzee alimuuliza shemeji kama mimi pia ni fundi. Shemeji akamjibu kwa Kiingereza chake, "Leo, ndiyo."

Mume wangu akapanda tena. Safari hii hakukaa, alisimama, akaegemea mbele, tumbo lote juu ya usukani. Pale pa shimo alipita pembeni. Mashine ikalia kwa sauti moja tu, nyembamba, haishuki. Ukungu ulishafika kwenye bendera, hatukuona kitu. Tukasikia injini inazima, halafu mume wangu anapiga kelele kule juu kama mtu aliyefunga goli. Mtoto mgongoni mwa shemeji akaweka kidole mdomoni, "Shh." Shemeji akamwambia, "Hapana mama, leo acha apige."

Sasa ninavyoandika, uani kwetu kuna mashine nne za theluji. Sina pa kuanika nguo. Mtoto amekuwa mweusi kwa grisi, na nikimwita kula anajibu Kizulu toka chini ya mkanda. Askari wa usiku hayupo tena Sandton. Yupo hapa, anakoroma mpaka mabati yanatikisika, na asubuhi anadai chai kama bosi. Anawahadithia wateja kwamba aligundua mwenyewe, kule mlimani, kwamba potibagaji ilikuwa kosa. Namsikia kupitia dirisha, mguu kwenye pedali ya cherehani. Nikimaliza kiti hiki cha pili nitatoka, nimsahihishe mbele yao.