Saa Inayoishi kwa Mkono wa Mtu

Mzee Daimu alizaliwa Nakapanya, kwenye mikorosho ya baba yake, lakini riziki yake ilitoka machoni. Enzi zile mawe ya thamani yalipofumuka Tunduru, vijana wenzake walishika sururu na machekecheo wakaingia mtoni. Yeye alibaki sokoni akawa dalali. Alikuwa akilishika jiwe kati ya kidole gumba na cha shahada, akaligeuza juani taratibu, kisha akasema neno moja tu: safi, au bovu. Wachimbaji walimwamini na wanunuzi walimwamini, na hilo si jambo jepesi kwa dalali.

Saa aliipata kwa njia hiyo hiyo. Kulikuwa na mnunuzi wa Sri Lanka, mtu mpole wa makamo, ambaye siku moja alikuwa karibu kulinunua jiwe la buluu lililomvuruga akili kwa uzuri wake. Daimu alikuwa na fungu lake katika biashara ile, angeweza kunyamaza. Badala yake alimwonyesha mgeni ufa mwembamba uliojificha chini ya rangi. Mgeni alilirudisha jiwe lile. Na msimu ulipokwisha, alipokuja kuaga akirudi kwao moja kwa moja, aliivua saa mkononi mwake akamvalisha Daimu.

Marafiki waliiangalia wakasikitika. Wao walikuwa wanavaa saa kubwa za njano zinazoonekana toka ng'ambo ya barabara. Hii ilikuwa nyembamba kama sarafu mbili zilizobebana, ina kamba ya ngozi nyeusi na uso mweupe usio na namba hata moja, vistari tu, na mishale miwili. Mshale wa sekunde haukuwemo.

"Achimwene," alisema mmoja wao, akimwita ndugu kwa Kiyao, "mgeni wako kakutania. Saa gani hii haina hata tarehe?"

Daimu alitabasamu. Yeye alikwishajua kwamba jiwe zuri halipigi kelele. Aliiona kazi ya fundi aliyekata vile vistari, kila kimoja kikiwa na ukingo mkali kama wembe, na namna mishale ilivyoishia pale pale ilipotakiwa kuishia. Aliipenda bila kuweza kueleza. Na kwa kuwa haikuwa na betri wala haikutaka kutiwa ufunguo, alijiambia kwamba ni saa ya heri, akaacha kuuliza zaidi.

Mawe yalipopungua, alihamia Songea na mkewe Zena, wakafungua duka la vitambaa pale Majengo. Walimlea binti yao Zuhra, wakamwoza, wakazeeka. Saa ile ilikaa mkono wa kushoto muda wote huo. Ilivuliwa wakati wa kutawadha, ikarudishwa baada ya swala.

Kisha kiharusi kikampata. Alikuwa anampimia mteja kitenge, futi ikamponyoka, akainama kuiokota na mkono haukumtii. Alilazwa hospitali, akarudi nyumbani akiwa na mdomo uliopinda kidogo, mguu wa kuburuta, na mkono wa kushoto uliolala pajani kama kitu cha mtu mwingine alichoachiwa ashike.

Zena alimvalisha saa yake jioni ile ile aliporudi. Aliitingisha kwanza, ikaanza kutembea, akailinganisha na simu, akamfunga kamba. Alidhani atamfurahisha. Alfajiri ya pili, adhana ilipotoka msikitini, Mzee Daimu alitazama mkononi na mishale ikamwambia kwamba ni katikati ya usiku. Aliiinua kwa mkono wa kulia akaiweka sikioni. Kimya.

Hakumwambia mtu. Lakini tangu siku hiyo Zena aliona mumewe anaanza kuongea kama msafiri anayefunga mizigo: duka apewe Zuhra, kanzu mpya apewe fulani, azikwe Nakapanya ikiwezekana. Devota, mama wa mazoezi aliyetumwa kutoka hospitali, alikuja na mpira wake laini akamwomba aubonyeze. Aliushika, akauacha udondoke.

"Mzee, mkono usipoulizwa jambo husahau kujibu," Devota alimwambia.

"Uache usahau," alijibu.

Zena ndiye aliyegundua saa imesimama, alipomwuliza saa ngapi naye akageuza uso ukutani. Hapo akaelewa mzigo wote ulipotokea: mumewe alidhani saa imemtangulia kufa. Hakubishana naye. Aliita bajaji, akamshika mkono mzima, wakaenda kwa Rupert, fundi saa mwenye meza ya kioo barazani, mitaa michache toka dukani kwao.

"Shikamoo, mzee," alisema Rupert, akiondoa rozari yake juu ya kiti ili mgeni akae.

"Marahaba, fundi. Nimekuletea maiti."

"Astaghafirullah, Baba Zuhra," alisema Zena.

Rupert aliipokea saa, akaigeuza, na kwa muda hakuifungua. Aliilaza kiganjani kama mtu anayepima uzito wa kifaranga. Kisha akafungua mgongo wake kwa utaratibu, akaingiza lenzi jichoni, akatazama. Akaitikisa kidogo, akaiweka sikioni.

"Haijafa," alisema. "Wala haiumwi. Ina njaa."

"Njaa ya nini?"

"Ya mkono, mzee. Saa hii ni otomatiki. Humu ndani kuna kipande kizito, umbo la nusu duara. Mkono ukienda mbele kinazunguka, ukirudi kinazunguka. Kinapozunguka kinakaza springi, na springi ndiyo inayosukuma meno na mishale. Mtu anayeivaa akitembea, akila, akisalimiana na watu, yeye ndiye anayeilisha. Wewe unaivaa upande gani?"

Mzee Daimu aliutazama mkono wake wa kushoto pajani, na Rupert naye akautazama, akajutia swali lake.

Zena alitaka kusema kitu, lakini mumewe alikuwa ameshanyoosha mkono wa kulia. "Naomba lenzi hiyo."

Aliibana jichoni kwa wepesi, bila kusaidiwa, kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote, na kweli alifanya. Akainama juu ya saa. Ndipo kwa mara ya kwanza akaona alichokuwa anakitembeza. Chuma cha ndani, ambacho hakikuumbwa kionwe na mtu, kilikuwa kimechorwa mistari myembamba sambamba, kama shamba lililopigwa matuta na mkulima asiye na haraka. Kingo za kila kipande zimelainishwa. Gurudumu dogo kuliko punje ya ulezi lilikuwa linakwenda na kurudi, linapumua, maana ule mtikiso wa Rupert ulikuwa umelipa nguvu kidogo. Na hapa na pale kulikuwa na nukta nyekundu zinazong'aa.

"Fundi, hivi vyekundu ni mawe?"

"Ni rubi. Zinashika ncha za vyuma zisisagike."

"Za machimboni?"

"Hapana. Za kutengenezwa kiwandani."

Mzee Daimu alianza kucheka, mdomo uliopinda ukimfanya acheke upande mmoja. "Mama Zuhra, unasikia? Maisha yangu yote nimewafukuza watu walioniletea rubi za kiwandani. Kumbe nimezivaa mimi mwenyewe, na ndizo zimenifanyia kazi."

Zena hakuwa amemsikia akicheka tangu hospitali. Alijifanya anapanga mtandio wake.

"Na haya matuta," aliuliza Mzee Daimu, bado ameinama, "nani alitegemewa ayaone?"

"Fundi atakayeifungua," alisema Rupert. "Au pengine hakuna. Aliyeitengeneza aliyafanya tu."

Mzee alikaa sana na lenzi jichoni. Rupert hakumharakisha. Mwishowe fundi aliifunga saa, akaikaza kwa kitufe cha kuzungusha kilicho pembeni ili itembee, akashauri, "Ivae kulia, mzee. Huko haitasimama."

"Irudishe kushoto."

Nyumbani Zena alimwuliza kwa nini anajitesa. Walikuwa wamekaa uani, kuku wanachakura.

"Nikiivaa kulia itakwenda," alisema, "nami nitaridhika na kuendelea kwake. Nikiivaa kushoto itaniambia kweli. Nimekwishawaambia watu wengi kweli ya mawe yao, sasa na mimi niambiwe ya kwangu."

Zena alifikiri. Kisha akaingia ndani akatoka na ungo wa mahindi makavu, akauweka mbele yake. "Basi pukuchua. Kwa huo huo wa kushoto."

Mwanzoni alipukuchua punje chache tu kabla vidole havijachoka. Mahindi yalimponyoka yakaviringika hadi kwa kuku, na kuku hawakumwonea huruma. Devota alipokuja akaukuta ule ungo, alirudisha mpira wake mfukoni, akakaa kumwonyesha namna ya kuuinua mkono kutoka begani ili bega lisaidie vidole. Saa ilisimama mara nyingi. Siku nyingine ilisimama mchana, nyingine ikafika jioni. Kila iliposimama aliikaza, akaanza upya, akaendelea kupukuchua. Zena aliacha kununua mahindi yaliyopukuchuliwa.

Mkono haukurudi wote, na Devota hakuwahi kumdanganya kwamba utarudi. Ulirudi wa kutosha kushika kikombe, kushikilia ncha ya kitenge wakati wa kupima, na kuinuka wakati wa takbira, chini kidogo ya ule wa kulia. Asubuhi moja adhana ilipotoka, alitazama, na mishale ilikuwa mahali pake. Alimwamsha Zena kumwonyesha. Zena alisema alhamdulillahi, akageukia upande wa pili.

Mwaka huo baridi ya Songea ilikuja kali. Ilipofika katikati ya baridi, homa ilimwangusha, akalala siku kadhaa chini ya mablanketi mawili bila kuinua kitu. Alipopata nafuu, Zuhra, aliyekuja kumwuguza, aliona saa imesimama. Aliogopa kumwambia, akaifunika kwa shuka.

Baba yake alilivuta shuka akatazama mwenyewe.

"Imepumzika," alisema. "Na mimi nilikuwa nimepumzika." Akaketi, akamwomba amfungulie redio asikie saa ya taarifa ya habari. Aliivua saa, akaishika kwa vidole vya kushoto, akazungusha mishale kwa vya kulia. Nje Zena alikuwa anaita kwamba uji unapoa.

"Mwambie mama yako nakuja," alisema Mzee Daimu, akitafuta viatu vyake kwa mguu.