Taa Niliyomfungia Alexander

Taa nyekundu, ndogo kama punje ya mtama, ilimvua nguo mwanaume mzima mbele ya umati, pale Nyakato.

Taa hiyo niliifunga mimi.

Ilikuwa mwaka 1997. Vitu vya nje vilishajaa madukani, na vijana wa viwandani walikuwa wamepagawa na gemu za kwenye televisheni. Marehemu mume wangu aliniachia mashine moja. Nikafungua kibanda, nikalisha wanangu.

Mdogo wangu Kija ndiye aliyekuwa fundi wangu, tena mchezaji hodari kuliko wote mtaani. Akaja Alexander, mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, akamchokoza wacheze gemu ya kutungua ndege. Atakayeshindwa anaiacha mashine yake.

Kija akakubali bila kuniuliza. Akashindwa.

Alexander aliibeba mashine yangu wanangu wakitazama. Akaniambia, "Dada, rudi ukakaange samaki. Huku ni kwa wenye vidole."

Kesho yake nikatoka kutafuta kazi.

Nikaomba kibarua kwa Mahesh, aliyekuwa na duka la redio mjini. Mkewe, Nirmala, ndiye aliyenifundisha kuchomea waya. Kila mchana alinimegea chapati yake, na hakuwahi kuitaja. Akaniruhusu kuchukua vitaa vya redio mbovu. Nikawa nafunga vitaa hivyo kwenye pedi za gemu, zile unazoshika mikononi ukicheza. Vijana walizipenda kupita kiasi.

Haukupita muda, Alexander naye akaleta ya kwake. Mtu wa kujionyesha yule, asingekubali kupitwa. Aliniona wa kupachika mapambo tu. Ya ndani aliamini siyajui.

Nilimpokea kwa adabu zote. Nikamwambia sitaki hela, nataka tucheze, mimi na yeye, tuishindanie mashine yangu ile ile.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akakubali.

Nilipoifungua pedi, nikakuta kidude kisichotakiwa kuwemo. Kazi yake ni kupiga risasi mfululizo. Mwenye pedi anakandamiza kitufe mara moja, anatulia, kidude kinambonyezea.

Kumbe Kija alishindwa hivyo!

Ningeweza kupiga kelele. Sikupiga. Nilikiacha kidude palepale, nikaunganisha taa na kitufe cha risasi. Ukikandamiza kwa kidole chako, taa inawaka imetulia. Kidude kikifanya kazi, taa inapepesa.

Nikamkabidhi siku ya mchezo, watu wakiwa wameshajaa kibandani kwake. Alipoiona taa inachezacheza akafurahi kama mtoto.

Alinitandika vibaya. Watu wakaanza kunionea huruma. Katikati ya gemu nikaweka pedi yangu chini.

"Alexander, usiachie kitufe. Inua pedi juu, wenzako waione taa yako."

Akainua kwa madaha.

Kidole kimelala. Taa inapepesa kama kope za mtu aliyeingiwa na mchanga.

Halafu mpakia samaki mmoja akauliza taratibu, "Kaka, nani anakubonyezea?"

Kicheko kilichofuata nilikinywa kama maji ya mtungini.

Nilidhani nimemaliza.

Alexander, jasho likimtoka, akanigeukia. "Unanicheka? Muulize mdogo wako nani alinifungia hicho kidude. Tulikubaliana tugawane mapato ya kibanda hiki."

Nikamtafuta Kija kwa macho. Alishafika mlangoni.

Mashine ilirudi siku hiyo hiyo, Alexander akiibeba mwenyewe. Mpaka anahama Nyakato, watu walimwita Kidole.

Kija alikuja siku zilipopita, amekonda.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa ule."

Nilimpakulia, kwa sababu ni mtoto wa mama yangu. Baada ya hapo alikuja karibu kila jioni, akakaa kwenye benchi kuwatazama wenzake wakicheza. Vidole vyake vilikuwa vinabonyezabonyeza magoti.

Nilikuwa naviona. Pedi sikumpa, mpaka nafunga kibanda.

Mjukuu unayesoma hapa, ukimtafuta aliyekuumiza, mulika na upande wako. Ukimkuta wa damu yako, mlishe ashibe. Funguo kaa nazo wewe.