Diski Iliyokaa kwenye Jivu

Kazi yangu pale Nchiru ni kutengeneza kompyuta, na wateja wangu wengi ni wanafunzi wanaoingia kibandani wamenuna, flashi mkononi, wakisema haisomi. Nawabadilishia tundu, nawabadilishia waya, na mara nyingi mambo huishia hapo. Wengine huondoka bila asante, kana kwamba mimi ndiye niliyewafichia kazi zao. Hao nawasamehe. Nisiowavumilia ni wale wanaoipuliza flashi kwa mdomo mbele yangu na kuijaza mate.

Kwa hiyo mama aliponipigia simu kutoka Kanja na kuniambia kuwa ile diski yetu ya video imekataa kuonekana kwenye laptopu ya jirani, nilimjibu kwa sauti ile ile ya kibandani: wabadilishe waya. 

"Nimeanza kusahau vile baba yenu alikuwa anaongea," akasema.

Kesho yake sikufungua kibanda. Niliteremka Embu, hadi kwetu Kanja.

Baba hajatamka neno tangu alipopatwa na kiharusi. Anaelewa kila kitu, anacheka, mkono wa kushoto anauinua vizuri, lakini maneno hayaji. Zamani yalikuja hadi yakatuchosha. Alikuwa mzee wa kanisa, na akipewa nafasi ya kuombea chakula alianza na mvua, akapitia kahawa, ng'ombe, wagonjwa, walio safarini, viongozi wa nchi, mpaka chai ikashika utando. Sisi watoto tulifumbua jicho moja tukilinda chapati. Sauti yake ilibaki katika video moja tu, ya siku wakwe walipoleta mahari ya dada yangu. Mpiga picha alituletea video hiyo ndani ya diski ndogo ya kuchomekwa kwenye kompyuta kwa waya, mama akaipokea, na nakala nyingine haikuwepo popote.

Nilipofika nilimkuta baba ameketi juani mbele ya nyumba. Nikaweka laptopu yangu kwenye meza karibu naye, nikamwomba mama diski. Akaniletea mtungi wa mbegu. Kwetu mbegu za maharagwe huchanganywa na jivu ili wadudu wasizitoboe, na mtungi huo hauguswi hata tukilala njaa. Mama akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akapapasa, akaitoa diski ikiwa imejaa jivu kila mahali.

"Niliweka mahali panya haiwezi fika," alinieleza. "Hata unyevu haiingii hapo."

Mteja ningemgombeza. Mama sikuweza, kwa sababu nilimwelewa papo hapo: alikuwa ameiweka pale anapoweka kitu asichoweza kukipoteza. Jirani aliposhindwa kuifungua, mama aliirudisha mle mle, kwenye jivu.

Nikaomba mswaki wa zamani. Nikausugua taratibu mdomo wa diski, pale waya unapoingia, nikaufuta kwa spiriti niliyokuja nayo, nikasubiri ikauke, kisha nikaichomeka kwa waya wangu. Taa yake ikawaka. Nikaitegea sikio, maana diski inayogongagonga ndani huwa imeharibika, nayo hunifanya nimwambie mwenyewe aketi kwanza kabla sijamweleza. Hii ilikuwa inazunguka vizuri, bila kelele. Lakini kwenye kioo cha laptopu hakukuwa na kitu.

Mama akaniuliza kama imekufa. Nikamwambia haijafa, inazunguka. Nikafungua ule ukurasa wa ndani unaoorodhesha diski zote, na nikaiona: nzima, imejaa, ila haina herufi. Kompyuta huipa kila diski herufi yake ya kuitwa, na hii ilikuwa imeonekana tu bila kuitwa, kama mgeni aliyeingia bomani na hakuna aliyemwonyesha kiti. Nikabofya. Ikatokea orodha fupi ya Kiingereza, ambapo amri ya kuipa herufi na ile ya kufomati zimekaa jirani, moja juu ya nyingine. Mama, ambaye macho yake bado ni mazuri, akataka kujua ile ya chini inafanya nini. Nikamwambia inafuta kila kitu.

Akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vyake vya jivu. Mimi nina jina la baba yake mzazi, na akiwa na wasiwasi huniita baba. "Basi polepole, baba," akasema.

Kitu ninachofanya kila siku bila kukiangalia, siku hiyo nilikifanya huku nikisoma kila neno. Niliogopa kweli. Nikabofya ya juu, nikachagua herufi, na diski ikafunguka. Kabla ya lolote nikainakili ile video kwenye laptopu. Ndipo nikaicheza.

Kwenye video baba alikuwa amesimama kando ya masufuria, amevaa koti lake la kahawia. Sauti ilikuwa nzito kuliko nilivyoikumbuka. Akashukuru kwa mvua. Akaja kwenye kahawa, akaja kwa ng'ombe na wagonjwa, na alipowafikia walio safarini, sauti ya mwanamke ikasikika karibu na kamera: "Mzee, maliza. Wageni wako na njaa." Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, akasema amina, na kamera ikahamia kwenye sahani.

Mama akaniambia nirudishe video nyuma. Nikarudisha. Akaniambia tena. Kila mara baba alifika kwa walio safarini, na kila mara yule mwanamke akamkatiza.

"Ni mimi," mama akasema. "Ni mimi nilimwambia amalize."

Akalia, akajifuta kwa mkono ule ule, jivu likabaki shavuni. Mimi nililia pia na sikujificha. Baba ndiye aliyekuwa akicheka, kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha akagonga meza, akatuonyesha vikombe vya chai ambavyo mama alikuwa ameshavijaza, akauinua mkono wake wa kushoto vile alivyokuwa akifanya kanisani akiomba.

Tukainamisha vichwa. Neno halikutoka. Nilisikia pumzi zake na kuku wakichakura. Baada ya muda nikafumbua jicho moja kama zamani. Mkono wa baba ulikuwa bado juu, na nadhani alikuwa anaendelea kuanzia kwa walio safarini. Mama alikuwa amefumba macho. Chai ilishika utando, na hakumwambia amalize.