Bi Esha Hataki Bwawa Jekundu Lioshwe

Saa moja asubuhi, Bi Esha Kondo amesimama juu ya tuta la bwawa la chumvi, jembe mkononi. Nyuma yake maji ni mekundu. Mbele yake yupo mwenyekiti wa kijiji, Mzee Nassibu Pazi, na vijana waliokuja kufungulia maji ya kijito.

"Shikamoo, Mzee. Lakini lango hili halifunguliwi."

"Marahaba. Wageni wa wilaya wanakuja kesho kutwa, Bi Esha. Tuwaonyeshe maji kama ya machinjioni?"

Ni mwaka 1974, katika kijiji cha ujamaa jirani na Pande. Huku mgeni akitarajiwa, uwanja hufagiliwa na mitungi husuguliwa. Kamati ya kijiji ikaona mabwawa nayo yaoshwe! Wiki iliyopita waliosha la kwanza, likang'aa, wakapongezana.

Bi Esha, msimamizi wa mabwawa, amekasirika kwelikweli. Chumvi isipovunwa kabla ya vuli, zahanati ya kijiji itabaki kuta tupu, maana mabati ya paa yanategemea mavuno haya.

Wekundu huo ni vijimea vya chembe mojamoja. Mwalimu Gregori wa sekondari alimwonyesha kwa darubini.

"Kila kimoja kina utando wenye vilango vya protini," Bi Esha anamweleza Mzee kwa madaha. "Chumvichumvi hupita humo kwa kiasi, ndipo kinatumia jua kujipikia chakula. Ukikimwagia ghafla maji baridi ya kijito, yasiyo na chumvi, vilango vinazidiwa. Kinavimba, kinapasuka."

Vikiwa hai, rangi yao hunasa joto la jua na maji hukauka upesi.

Mzee Nassibu si mtu wa kusadiki maneno matupu. Anaomba yai la kuku, kipimo chao cha chumvi: maji yakikolea, yai huelea. Kwenye bwawa lililooshwa linazama. Kwenye jekundu linaelea.

Anawaambia vijana waweke majembe chini. "Na wageni wakiuliza?"

"Waambie vijimea hivi ni wanakijiji wenzetu. Wanashinda juani na posho hawaombi."

Mzee anacheka mpaka kofia inamponyoka.

Bi Esha anachota ndoo ya maji mekundu, anaongezea humo maji ya bwawa la kwanza kidogokidogo ili vijimea vizoee, kisha anaimimina bwawani akitumaini vitashika tena.

"Binti yangu anajifungua Desemba," anasema. "Mimi nilizalia njiani, nikipelekwa hospitali Kilwa. Yeye atazalia ndani ya zahanati yetu, chini ya bati."