Bei ya Gari la Baba

Gari la baba lilikuwa la zamani, lakini lilikuwa limetembea kidogo sana: kutoka kwetu Kinanira hadi kanisani na kurudi, Jumapili tu. Fundi alitushauri tuombe faranga milioni ishirini. Uzee unashusha bei, alisema, kilomita chache zinaipandisha.

Mnunuzi kutoka Kigobe alizisoma kilomita, akacheka.

"Muzee, hizi mulizirudisha nyuma."

"Apana! Haki ya Mungu!" baba aliapa.

Yule bwana akafungua mlango wa nyuma. Kuku wetu, aliyepitia dirishani na kuatamia mayai kitini, akamdonoa kidole.

Akakinyonya kidole huku akimtazama kuku.

"Nimeamini," akasema. "Gari yenye kutembea, kuku hawezi kutagia mu ndani. Ishirini, nachukua."

Baba akamwomba arudi mayai yakishaanguliwa. Alirudi.